Mkate Usio na Mifupa

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Madimba tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, ameanza kupalilia mikorosho.

Barua yako ilinishtua mpaka nikakaa chini. Daktari amekukataza ngano kwa sababu inakuumiza tumbo, nawe unaandika kwamba mkate wa muhogo ukigoma tena utairudia. Tena unasema uliumuka vizuri, ndipo ukaukanda mara ya pili, nao ukaanguka usiinuke tena. Uliukanda?

Nilipoolewa, mama mkwe alimimina mkate wa mchele sufuriani, ukaumuka mpaka ukasukuma kifuniko. Nikapeleka mkono niukande upya, kama tulivyofanya ngano kwetu. Akaudaka mkono wangu.

"Mwanangu, huu hauna mifupa. Ukiuangusha hauinuki."

Sikuwahi kusikia kwamba unga una mifupa; kumbe ni ule mnato wa ngano unaouinua tena mkate uliokandwa, na mchele hauna, wala muhogo.

Basi koroga unga wako na hamira kwa maji uwe kama uji mzito, umimine kwenye chombo cha kuokea, uumuke humohumo, uoke bila kuugusa. Na ngano usiile. Mkate ukianguka utamimina mwingine. Zuhura ninaye mmoja.

Bibi yako