Mfungo wa Tarehe Kumi na Nne

Overport, Durban
Mwezi wa sita

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Kalemie, wewe na wote wa nyumbani. Goti linaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nilifurahi, kisha nikakasirika, maana nakujua: utapanda mpaka uanguke ndipo useme linauma. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi imeingia, na mimi situlii. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kutuma sauti kwenye simu. Ni kwa sababu sauti zangu unazisikilizia uani, na majirani ndio wanaozijibu kabla yako. Haya ni ya macho yako peke yako. Bernadette, yule muuza vitenge, anapanda basi kesho na atakukabidhi mkononi. Tafadhali soma ukiwa umeketi.

Mwanao Gadiel, ndugu yangu, bado anaenda hospitali kila wiki kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Yule kinyozi aliyekuwa anasimama kutwa pale sokoni Warwick akitania wapita njia, leo hawezi kumaliza kichwa kimoja bila kuketi. Unajua nilitaka kumpa figo yangu, sukari ikanikatalia. Na katika foleni ya hapa hakuna anayeweza kukwambia zamu yako itafika lini, au kama itafika.

Ndipo akaja Désiré, yule Mkongo mwenzetu anayepanga safari za wagonjwa kwenda nje. Alisema kuna hospitali China inayopokea wageni. Alinipigia akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto, akaniita dada yake mkubwa, akasema, “Yaya Huguette, figo iko, na date iko! Tarehe kumi na ine, mwezi wa saba. Mujitayarishe tu.” Kanisa likachanga, vinyozi wenzake wakachanga. Na kwa kuwa Kiingereza kinampiga Gadiel chenga, ujumbe wote wa safari unakuja kwenye simu yangu na mimi ndiye ninayemsomea.

Unakumbuka ni mimi niliyekuomba ufunge pamoja nasi kwa ajili ya tarehe hiyo. Ndivyo tulivyozoea hapa. Mtu akiwa na siku ya kuhojiwa kuhusu makaratasi ya ukimbizi, kanisa linafunga na kuomba kwa ajili ya tarehe hiyo. Mtu akiwa na harusi, vilevile. Pasta Baudouin aliiandika ubaoni, na kila Jumapili tukawa tunaitaja kwa sauti: Bwana, tarehe kumi na nne figo ipatikane! Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kuliko wote.

Sasa sikiliza. Duka la simu ninapofanya kazi linanunua chaja na kava kwa mama mmoja Mchina, Madame Qiu. Nilikwenda kwake kuchukua mzigo, nikamringia kwamba tunakwenda kwao. Aliacha kazi aliyokuwa akifanya. Akaniuliza kama ni kwa ajili ya figo, nami nikashangaa amejuaje. Akanieleza kwamba yeye ni wa Falun Gong, imani yenye kutafakari na mazoezi ya taratibu, ambayo huko kwao imepigwa marufuku. Dada yake alifungwa kwa imani hiyo. Ndugu walisikia kwamba gerezani alipimwa damu na figo, ingawa hakuna aliyekuwa akimtibu chochote. Baada ya hapo hawakuambiwa tena yuko wapi. Madame Qiu hakusema ameona. Alisema anahofia, na hofu hiyo haimwachi.

Nilimchukia, Mama. Nilimwona mchawi anayetaka kutuharibia safari. Nikamkimbilia Séverin, yule kijana wa kanisani anayesomea sheria chuo kikuu, nikitaka aniambie ni uongo mtupu. Alisoma siku kadhaa. Akaniambia ni jambo lenye ubishi mkubwa: serikali ya China inakana kabisa na kusema viungo hutolewa kwa hiari, wapo waliochunguza wakasema wafungwa wa imani hiyo wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, na wapo wataalamu wanaosema ushahidi haujafika huko. Kuhusu hospitali yetu hakuweza kuniambia ndiyo wala hapana. Nikamwambia basi amesoma bure. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Jumapili iliyofuata tuliposimama kuitaja tarehe, nikaanza kuhesabu wiki. Hapa Durban mgonjwa hupigiwa simu ghafla, kwa sababu figo hutoka kwa aliyefariki, na hakuna ajuaye nani atakufa leo. Sisi tulipewa siku wiki nyingi kabla. Nikajiuliza tunamwomba Mungu afanye nini siku hiyo, na amfanyie nani. Watu wakajibu amina. Nikatoka nje nikijifanya nakohoa.

Nikamwomba Désiré awaulize watu wake swali moja tu: huyo mwenye figo amekwisha kufa? Jibu likaja upesi, naye akanisomea akitabasamu. Yuko mzima, walisema, mwenye afya njema, hanywi pombe wala havuti sigara, tusiwe na wasiwasi. Nikauliza kama ameuza mwenyewe, na kama tunaweza kupata jina lake tumshukuru. Désiré akasema, “Eish, Yaya, unataka figo ao unataka rafiki?”

Huenda ni mtu aliyekubali kwa hiari yake, Mama. Huenda ni Désiré tu na maneno yake ya biashara. Nimegeuza kila upande na sipati pa kulaza kichwa.

Sasa nakwambia nililoshindwa kumwambia yeyote. Jumanne nilimwambia Désiré hatuendi. Hakubishana. Alisema wanaongoja wako wengi, na jioni ile ile nafasi ikachukuliwa na mgonjwa wa Johannesburg. Kwa hiyo hata kama yule mtu yupo, sidhani kama nimemwokoa. Na Gadiel hajui. Amenunua koti zito, ameaga wateja wake, na kila asubuhi ananiuliza kama viza imetoka. Najibu bado.

Nitamwambia Jumapili, tukitoka kanisani. Nakuomba uache kufunga kwa ajili ya tarehe ile. Sijui tuombe nini badala yake, labda wewe utajua. Atakupigia, nami najua atakayosema: kwamba nilipaswa kumwuliza yeye, maana mwili ni wake. Sikumwuliza kwa sababu niliogopa angesema twende, na mimi ningekwenda naye. Akilia, Mama, usinitetee. Mwache aseme yote. Nimemchagulia mwanao kufa kwa ajili ya mtu nisiyemjua, na wala siwezi kuapa kwamba mtu huyo yupo.

Nisalimie shangazi na watoto wote. Dawa ya goti nimempa Bernadette. Paka asubuhi na jioni. Mungu akulinde.

Ni mimi binti yako,
Huguette