Zamu Yangu ya Maji

Kanja, Ijumaa

Makomredi, leo mko ndani ya daftari tu, na mzungumzaji wenu anaogopa. Mabomu ya machozi sikuyakimbia. Sentensi moja ya kitabu cha maisha yangu naikimbia.

Dada yangu Wanja alirithi jina la nyanya mzaa mama, ndiyo maana mama alimwita "mama". Leo mama, akichambua maharagwe, ameniuliza, "Kitabu chako kimefika pale mama alizama?"

"Bado."

"Bado, na vile unajua kuhutubia?"

Tangu utotoni nimesema kwamba Wanja alitoroka kwenda mtoni. Nilimtuma mimi akachote maji, ilhali zamu ilikuwa yangu. Mama akijua, je, ataniita mwanawe tena, au...

Mkutano ni Jumapili saa nane, jikoni kwake. Nitamsomea sentensi hiyo mimi mwenyewe, kwa Kiembu, lugha yetu ya nyumbani.