Spika Mbili za Kumfikia Baba

Mbeya, Jumapili baada ya misa

Dada yangu mpendwa Yustina,

Kamwene! Nakusalimu kwa sauti ya juu ili na baba asikie. Mmeamkaje hapo Mlandege? Kifua cha shemeji kimepoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya Mbeya inanitafuna vidole, navyo ndivyo vinavyonilisha.

Barua yako ilinikata maini. Unasema baba hasikii tena watoto wakimwita, wala kengele ya kanisa, ila ngoma na sauti nzito ya shemeji bado anazipata. Dada, mzee huyu hajanisikia nikipiga gitaa hata siku moja! Kila mara ni lile lile: "Gitaa si kazi." Bendi yetu inakuja kupiga dansi Iringa mwezi ujao, nami nimeapa kwamba atanisikia kabla masikio hayajafunga kabisa.

Shida ilikuwa kasha letu la kupazia sauti ya gitaa. Lina spika mbili, na tulipokuwa tukitoka Chunya mvua ilituingilia kwenye lori, karatasi za spika zikalowa na kuchanika zote. Nikaenda kwa Bwana Hamisi, fundi wa redio, mtu wa pwani mwenye maneno mengi. Alikuwa na spika moja mpya, kubwa, na nyingine ndogo. Wenzangu wakasema, "Chukua hizo, twende zetu." Nikakataa. Unakumbuka baba, enzi zake za kupasua mbao, alivyokuwa hakubali kuweka jitu na mgonjwa kwenye msumeno mmoja wa watu wawili? Mwenye nguvu humchosha mwenzake, na ubao hutoka umepinda. Basi nikachakura kwenye mabaki ya redio mbovu mpaka nikapata mbili kama pacha: upana sawa, sumaku sawa, na ukizigonga kwa kidole zinajibu sauti moja.

Hapo ndipo ujanja wa mtoto wa mpasua mbao uliponiponza. Nikawaza, kule kwenye shimo la kupasulia mbao mmoja huvuta na mwenzake huachia, basi na hizi zisaidiane hivyo hivyo. Nikageuza nyaya za spika moja. Lo! Gitaa likalia kama nzi ndani ya chupa. Nyuzi nene hazikusikika kabisa, yaani ile sauti nzito ambayo ndiyo pekee baba anaipata. Mpiga ngoma wetu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia.

Bwana Hamisi akagusisha betri ya tochi kwenye nyaya. Karatasi ya spika moja ikatoka nje, ya pili ikarudi ndani.

"Mhehe wee," akasema, "hawa si wapasua mbao, hawa wabeba gogo! Wote wanyanyue pamoja."

Nikarudisha nyaya. Nikapiga uzi mnene, na vikombe vya chai vikatetemeka mezani.

Sasa iliyobaki ni kazi yako. Mlete baba ukumbini, hata akinung'unika njia nzima, na umkalishe mbele. Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa Kalenga, mwambie sijaacha kusali. Watoto wako nawabusu wote, hata yule mtundu.

Na kama masikio ya baba yatafunga kabla sijafika, usihuzunike, dada. Mwekee tu mkono wake juu ya kasha nikipiga. Ameshika msumeno maisha yake yote. Kiganja chake kitamwambia kama hii ni kazi au si kazi.

Mdogo wako,
Kasiani