Almasi Mbili za Pete ya Mama

Goma, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Jumamosi naolewa. Wanaonung'unika kwamba vita si wakati wa harusi waniambie basi wakati wake ni upi, maana mimi nilizaliwa vitani, nikasoma vitani, na Kambale wangu nilikutana naye kwenye foleni ya maji, vitani vilevile. Nikingoja amani nitaolewa na kaburi.

Shida ilikuwa pete.

Mama amenipa yake, ile Papa aliyomletea kutoka Kisangani enzi za kusafirisha maharage kwa ndege. Katikati ina jiwe jekundu, na kulizunguka kuna almasi ndogo ndogo, kila moja kama chembe ya chumvi. Mbili hazipo. Pamebaki vishimo viwili vyeusi.

Najua zilivyopotea. Wanawake wa kwetu Kiwanja wana mbinu yao ya kupita kwenye barieri ya askari: unaigeuza pete, mawe yanaingia kiganjani, nje kinabaki chuma tu ambacho hakuna atakayekitamani. Siku tuliyokimbia, Mama aliigeuza hivyo, na mkono huohuo ukashika kamba ya mzigo. Kamba ilisaga mawe njia nzima. Tulipopumzika Kalengera akafungua kiganja, mbili zimekwenda. Hakulia. Alifunga tena ngumi, tukaendelea na safari.

Na tangu tufike Goma hajawahi kuigeuza tena ikae sawa. Jikoni, sokoni, hata akienda kupokea komunyo, mawe yanatazama ndani.

Leo mimi na Mama tumekwenda kwa sonara, Muzee Faustin. Akatandika kitambaa cheusi na kumwaga almasi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za mkato wa zamani, zenye nyuso chache. Zimetulia, zinatoa mwanga kidogo tu, sawasawa na zile zilizobaki kwenye pete. Za pili zilikuwa za mkato mpya, nyuso nyingi mno. Ukigusa kitambaa tu zinakurushia cheche machoni. Akaonya tusichanganye. Tuzibe vishimo kwa za zamani, ama tung'oe zote tuweke mpya.

"Ukichanganya, kila mutu ataona palikuwa shimo," akasema.

Mama alishachagua. "Weka za zamani. Zile hazina kelele. Mutoto yangu, hii muji iko na macho. Pete yenye kung'aa njo inaleta watu kwa mulango."

Wala hakosei. Juzi juzi wenye bunduki waliingia kwa jirani yetu, wakaondoka hata na sufuria iliyokuwa motoni. Woga wa Mama si ujinga. Woga huo ndio ulionifikisha hapa nikiwa hai, na nilikuwa tayari kumwambia sawa, tuweke za zamani, yaishe.

Muzee akaniomba kwanza niijaribu kidoleni. Nikaivaa. Na kabla sijafikiri lolote, kidole gumba changu kikaigeuza. Mawe ndani.

Sijawahi kuvaa pete maishani mwangu! Hakuna aliyenifundisha!

Nilikitazama kiganja changu kwa aibu. Mama naye alikuwa anakitazama. Aibu ikageuka hasira, ndiyo hii ninayoandika nayo sasa.

"Muzee, weka zile za cheche. Mbili tu, kwenye vishimo. Za zamani usiziguse."

"Lakini itaonekana."

"Njo vile nataka. Ionekane."

Muzee akacheka. "Mama, huyu mutoto yako iko na kichwa nguvu!"

"Ya baba yake," Mama akajibu, bila kucheka.

Tulingoja mpaka akamaliza. Kusema ukweli, imetoka ya ajabu: almasi zote zimelala, isipokuwa mbili zinazopiga kelele palepale vita vilipotuibia. Naipenda mno.

Tukarudi kwa miguu. Kwenye kona kabla ya mtaa wetu kulikuwa na askari wanasimamisha watu. Ushujaa wangu wote wa kwa sonara ukayeyuka. Kidole gumba kikaanza tena kuitafuta pete.

Mama akakidaka.

"Acha," akasema. Akakishika hivyo hivyo, kwa nguvu, mkono wangu ukiwa nje na mvua ikinyeshea mawe. Askari akachungulia mkoba, akatuonyesha njia. Mama aliniachia tulipofika mlangoni kwetu, na kidole bado kinauma.

Kama wangeichukua? Sijui. Labda kesho wataichukua. Lakini wataitoa kwenye kidole cha mtu aliyeivaa, si aliyeificha.

Jumamosi, Kambale atakaponivisha, nitanyoosha mkono mbele ya kanisa zima, na Mama akiwa kwenye benchi la kwanza. Mawe juu.