Alama ya Mnyama Mkononi Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua lita sita. Ng'ombe huyu kwa mtu mwingine angetoa tatu. Kwangu hata mifugo inajua mkubwa ni nani.
Mke wangu, Mama Neema, karudi kutoka Njiro kwa binti yetu Neema. Wiki nzima wanasali kwenye hema la nabii mmoja. Mkono wangu wa kulia kauangalia kama panya aliyefia kwenye maziwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimejua. Nabii kawaambia Mpinga Kristo keshafika Arusha, na watu wake wana alama mkono wa kulia. Mimi nina makovu saba ya mviringo kwenye mkono huo. Hapa Olmotonyi wazee wengi wanayo. Tulijichoma kwa makaa tukichunga, kupimana ushujaa.
Ila mdomo wangu! Miaka yote nawaambia watu kwamba nilikutana na Shetani msitu wa Meru, tukapeana mkono, ukaungua, na aliyepiga kelele ni yeye. Watu wanacheka mpaka wanamwaga pombe yao ya mbege. Neema anaijua hadithi hiyo toka mdogo. Kampelekea nabii kama ushahidi.
Kinyaa. Wamekula hadithi yangu, sasa wananitapikia.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Neema kaniwekea loshoro, mahindi na maziwa mgando, mlangoni kama ya mbwa. Yeye kala jikoni. Miaka arobaini na sita tunakula pamoja.
Kasema kesho anarudi Njiro, na hapa harudi tena mpaka nitubu mbele ya watu. Nikamwambia, "Mama Neema, kama mimi ni wa Mpinga Kristo, mbona hajanipa hata baiskeli?"
Hakucheka. Mwanamke huyu hucheka hata msibani nikimkonyeza. Hapo nikaogopa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeenda hemani Njiro.
Spika zinakuna masikio. Nabii ni kijana, ananukia marashi. Mkono wangu kaushika kwa leso! Eti ana nguvu za mbinguni, anaogopa ngozi ya mzee. Kanimwagia mafuta yananuka kama samaki wa juzi. Kanipa kipaza sauti, nieleze Shetani alivyonishika.
Hadithi angezipata mpaka jioni. Hata pembe ningemwongezea. Lakini Mama Neema alikuwa mstari wa mbele, kafumba macho, midomo inatetemeka. Ananiombea. Anaamini kabisa nitaungua milele.
Nikasema kweli. Shetani sijawahi kumwona. Nilikuwa na miaka tisa. Kaa la kwanza nililia. La pili nikajikojolea. Yaliyobaki kaka yangu alinikalia kifuani akanichoma kwa nguvu, wenzetu wasije wakasema ukoo wetu una mwoga.
Sikuwahi kumwambia mtu. Hata mke wangu. Hema zima likacheka. Mimi nimechekesha watu maisha yangu yote, lakini kicheko hiki kilikuwa kinaniuma.
Nabii kaninyang'anya kipaza sauti, anapayuka, "Pepo la uongo! Toka!" Siku moja niliyosema kweli, ndiyo naitwa mwongo. Wakanisukuma nje. Neema kageuza uso. Nimetema mate kuanzia Njiro mpaka Engutoto, na ule uvundo wa mafuta bado uko puani.
Pumbavu. Wote. Na mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Maziwa lita nne. Nimekula peke yangu.

Jumanne, 11 Machi
Mvua imeanza. Saa nane mchana Mama Neema kaingia, kalowa, mfuko wa nguo kichwani. Neema kabaki kwa nabii wake.
Kabadili nguo, kakaa kwenye kigoda. Kauliza, "Huyo kaka yako alikuwa na miaka mingapi?"
"Kumi na miwili."
"Naye alikuwa mtoto tu."
Bati linapigwa na mvua. Tumekaa. Nilikuwa na chumvi ya kuongeza, sikuongeza.