Bakora Iliyorudi Matemwe

Matemwe, 3 Februari 1969

Kwa binti yangu Wanu,

Salamu zikufikie hapo mjini. Mimi mzima, mgongo tu unauma, na huku hakuna mzee mwenye mgongo mbovu anayepanga tanuu la chokaa peke yake isipokuwa mimi, waulize. Wewe hujambo? Mjukuu wangu Time hajambo?

Sasa hasira yangu. Siku niliyomleta Time skulini kwenu unakosomesha nilimkabidhi mwalimu wake bakora, nikasema kama alivyosema baba yangu chuoni kwetu kwa Kurani, nyama yenu, mifupa yangu. Jana dereva wa gari ya shamba kanishushia bakora ileile imefungwa gazeti, na baraza imejaa watu. Mwalimu akirejesha bakora ndiyo kamkataa mtoto, nani asiyejua? Mimi Machano nirejeshewe bakora, mimi niliyechoma chokaa ya nusu ya majumba ya Mji Mkongwe?

Na dereva kanambia mna watu watatu kazi yao kubembeleza watoto wanaovunja vitu, na mmoja ni Bi Bahiya, wa wale waliokuwa na mashamba kabla ya Mapinduzi. Mtoto wa marehemu dada yako haombewi nafasi kwa mtu. Nnakuja kumchukua.

Baba yako,
Machano

*

Mjini, 5 Februari 1969

Baba yangu,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi na Time hatujambo.

Nakuomba usije kabla ya kuisoma hii. Bakora nimeirejesha mimi kwa sababu hatuitumii tena kwa watoto kama Time. Hakuna aliyemkataa. Tangu mama yake afe, neno dogo tu humfanya apindue madawati na kuuma watu. Mwezi uliopita alimpasua mwenzake kichwa. Alipochapwa akazidi, na Mwalimu Mkuu akataka kumfukuza. Nikamwomba anipe muhula mmoja.

Sasa mtoto akichafukwa, kengele ya mkono hulia. Mwalimu Khelef huwatoa wenzake nje. Mimi hufuata wazee wake nyumbani, nijue kilichompata. Bi Bahiya, anayetupikia uji, hukaa naye chini. Hamshiki, hamsemeshi, anakaa tu mpaka pumzi zirudi. Mara ya kwanza kwa Time ilikwenda asubuhi nzima. Juzi hata uji haukuwahi kupoa, keshatulia. Na si yeye peke yake, baba, wako wengine.

Mwanao,
Wanu

*

Mjini, 11 Februari 1969

Baba,

Shikamoo. Natumai mlifika salama.

Barua yangu ilipishana nawe njiani. Ulisimama uani mwa skuli Alhamisi ukapiga kelele hadi Darajani wakasikia. Ulimwambia Bi Bahiya, mbele ya watoto, “Jana mlikuwa mkituchapa sisi, leo mnawaonea huruma wajukuu wetu?” Alimaliza kuosha masufuria, akachukua buibui lake akaenda zake. Hajarudi.

Mwalimu Mkuu alikuwa akitafuta sababu, ukampa. Kasema wazee wenyewe hawataki, na kikundi kakivunja. Jana mmoja wa wale wengine, mtoto wa Shaame, alianza kujigonga kichwa ukutani. Kengele ikalia, na mimi nimekatazwa kutoka darasani. Wamemfungia stoo hadi adhuhuri, nami nikimsikia.

Time kafutwa mpaka aliyemchukua amrejeshe mwenyewe na kujieleza. Ulimtaka, unaye.

Mwanao,
Wanu

*

Matemwe, 2 Machi 1969

Kwa Wanu,

Salamu. Mgongo vilevile. Nani kakufunza kumwandikia baba yako namna ile? Siku zote hizi hasira ndiyo iliyonizuia kujibu, na bado ninayo.

Nilikuwa nshatamba barazani kwamba mimi huyu mtoto nitamnyoosha kwa siku moja. Jumanne jirani kataja kaburi la mama yake. Time akavunja mitungi yote miwili ya maji. Nikachukua ufito nikamchapa mkono. Hakulia. Akaninyooshea na wa pili.

Wanu, mimi nimechapwa na nimechapa, sijapata kuona mtoto anatoa mkono wa pili bila ya kuambiwa. Nani kamfunza hayo? Tangu mama yake afe mpaka skuli yenu hakulelewa na mtu ila mimi.

Nikakaa chini. Si kwa ajili ya huyo Bi Bahiya wenu, mgongo ulikuwa ukiuma. Akalia hapo alipo, nami nimekaa, jua likatua, watu wanapita wanatoa salamu siitikii.

Na huyo Mwalimu Mkuu hila anazo. Mimi nimegombana kwa hasira zangu, yeye kayachukua maneno yangu kayafanya rungu lake. Jumatatu ya wiki ijayo nnakuja na Time. Ntasimama uani palepale, na sauti ni hii hii, asikie kwamba wazee tunawataka watu wale na mzee wa kwanza ni mimi. Kisha ntakwenda kwa Bi Bahiya. Kuomba radhi sikujaaliwa, lakini ntapiga hodi mpaka afungue, na akitaka kunitukana ntamwacha amalize.

Lakini kuna jambo unijibu kabla, mpe dereva yuleyule. Tangu siku ile Time akihisi linamjia anakuja mwenyewe kukaa ubavuni pangu, ananitazama usoni. Kukaa nakaa, na hakuna anayejua kukaa kunishinda mimi. Halafu mnafanya nini?

Baba yako,
Machano