Farasi Aliyenibana Ukutani

Kwako mjukuu wangu, mchumba niliyekuposa ukiwa bado huna meno,

Yule farasi mwoga nimeshamzoesha, ananifuata kama kondoo. Haya, nimedanganya. Leo asubuhi amenibana kwenye ukuta wa banda lake, mbavu zikalia kama kuni kavu.

Wiki ya sita sasa, kila siku nampapasa shingo, halafu natoa mkono kabla hajauchoka. Leo tajiri wake amekuja na fundi wa kwato.

"Mzee, asipotoa mguu achongwe kwato leo, anakwenda kwa mchinjaji," tajiri akasema.

Mimi na ujinga wangu nikavua kofia nijifute jasho. Huyu farasi alipigwa sana huko alikotoka. Akiona mkono umepanda, hajui tena nani ni nani. Akanigandamiza kwa ubavu wake.

"Toka humo, babu!" fundi akapiga kelele.

Ningetoka mbio, ningekuwa nimemchinja mimi. Nikashusha mkono polepole, nikamsemesha upuuzi wangu wa kila siku, kwamba bibi yako anakoroma kumshinda yeye. Alitetemeka kwanza. Kisha akashusha pumzi, akasogea. Nikateremsha kiganja kutoka begani hadi kwenye kifundo, akaniachia mguu.

"Haya, fundi, anza kazi," tajiri akasema.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu bibi yako angetega sikio. Tangu aje kukulelea mtoto, ameapa harudi akisikia nimeingia tena bandani. Ulipovunja kioo chake nilikuficha, nikasingizia paka. Basi akikuuliza kwa nini naguna nikicheka kwenye simu, mwambie babu aliteleza bafuni.

Mumeo mkongwe